Landi ya mzee inakunywa petroli na ikipata moto haiwaki. Kabureta ishafunguliwa mara tatu, shida iko wapi?

#1 Mwana_wa_Ganda
Salaam wadau. Nina Land Rover Series III ya petroli, injini ile ya cc 2286, gari ya mzee wangu tangu miaka ya 1970 mwishoni na mpaka leo ndio inatoa nazi na maembe shambani Ganda kuleta Malindi mjini. Sasa shida iko hivi. Asubuhi inawaka na choki bila matata. Ukishafika mjini inanuka petroli mpaka kwenye nguo, moshi mweusi nyuma, silensa (mngurumo wa injini gari ikiwa imesimama) inapanda na kushuka kama mtu wa pumu, halafu ukiizima kidogo ushushe mzigo haiwaki tena, ungoje nusu saa au zaidi. Kabureta ni Zenith 36 IV, ile ya asili. Fundi wa kwanza aliiosha, wa pili akabadilisha gasketi, wa tatu akaniambia hii imekufa tafuta mpya. Mimi nakataa. Kabureta haina kitu cha kufa ndani, ni chuma na matundu, iko kitu hawajakiona. Jambo moja la ajabu, ile skrubu ya mchanganyiko wa petroli na hewa hata nikiifunga yote injini haijali, inanguruma vile vile. Wajuzi semeni.

#2 Pijo_Damu
Dawa ya Landi ni kuiuza ununue Peugeot 504 😀. Pole lakini, hebu wacha wenye Landi waje.

#3 Fundi_wa_Maweni
Ushajijibu mwenyewe kwenye sentensi ya mwisho. Silensa ina njia yake ndogo, petroli inapita jeti ndogo (kipande chenye tundu la kupimia petroli), inachanganyika na hewa, inatokea kitundu chini ya kipepeo (kile kibati kinachofunguka ukikanyaga mafuta), na ile skrubu ndio mlango wa hicho kitundu. Ukiufunga mlango injini lazima izime. Isipozima basi petroli imepata njia nyengine ya kupita. Kwa Zenith hii njia mara nyingi ni moja, kifuniko cha juu kimepinda. Mafundi wanakaza zile skrubu za pembeni kwa nguvu miaka arubaini, na joto lipo, uso unajikunja katikati, petroli inafyonzwa pale kwenye mwanya bila kupita jeti yoyote. Gasketi mpya haisaidii kitu. Pili kuna oringi ndogo (pete ya mpira) kwenye ile bloku inayobeba majeti, ikikosekana au ikikauka ni yale yale. Muulize aliyefungua kama aliiona oringi. Nna hakika hata hajui kama ipo.

#4 Kondensa_Kwanza
Naheshimu fundi hapo juu lakini mimi naanza kwengine kabisa. Gari inayowaka baridi na kukataa moto, angalia umeme kwanza. Kondensa, kile kidude cha umeme ndani ya distribyuta (kigawa cheche), ikizeeka inashika vizuri asubuhi, ikipata joto inaachia, cheche inakuwa dhaifu, petroli haichomeki yote, matokeo yake moshi mweusi na harufu. Halafu kila mtu anakimbilia kabureta kwa sababu ndio inayonuka. Mwanya wa pointi za distribyuta weka milimita 0.35 hadi 0.40, badilisha kondensa, halafu ndio uzungumze kabureta. Nimeona watu wamefungua kabureta mara sita na shida ni kidude cha ukubwa wa kidole.

#5 Mwana_wa_Ganda
@Fundi_wa_Maweni ahsante, oringi sijui, nitaangalia. @Kondensa_Kwanza kondensa ilibadilishwa mwaka juzi, ni mpya.

#6 BintiSpea
Kaka, "mpya" ya siku hizi si kinga. Mimi niko kwenye duka la spea hapa mjini mwaka wa saba sasa, kondensa zinarudishwa na wateja ndani ya wiki. Kama ile ya zamani uliyotoa bado unayo irudishe ujaribu, zile za zamani zilikuwa nzito na nzima. Na kits za kabureta pia, kabla hujalipa mwambie muuzaji afungue mfuko uhesabu mwenyewe, kuna zile hazina oringi ya bloku hata moja, zina gasketi nne na sindano basi.

#7 Kaskazi_Moto
Wote mnasahau hali ya hewa. Hii shida ameanza kuiona lini? Wallahi ni kaskazi hii, Januari mpaka Machi. Petroli si kama maji, inaanza kuchemka kwenye nyuzi 40 hivi. Kwa injini ya Landi manifoldi (bomba) ya kuingiza imekaa pamoja na ya kutoa moshi, na kabureta iko juu yake kama sufuria juu ya jiko. Gari ikienda, petroli mpya inaingia inaipoza. Ukizima, feni imesimama, joto lote linapanda, petroli ndani ya bakuli inachemka inamwagikia kwenye manifoldi. Ukija kupiga stata injini imejaa petroli tele, haiwaki. Ukingoja nusu saa imekauka, inawaka. Hio ndio shida yake neno kwa neno.

#8 Fundi_wa_Maweni
Na silensa inayopanda na kushuka gari ikiwa bado inanguruma, hio nayo ni kuchemka? Na skrubu isiyofanya kazi?

#9 Kaskazi_Moto
Yaweza kuwa mambo mawili. Gari ya miaka arubaini na ushee haina ugonjwa mmoja.

#10 Babu_Marafa
Wanangu, nimeendesha Landi za serikali tangu nikiwa kijana, barabara ya Marafa mpaka kule Baricho, vumbi tupu. Ikikataa ikiwa moto tulikuwa tunafanya hivi. Kanyaga mafuta mpaka chini, ushikilie hapo hapo, usipampu hata mara moja, kisha piga stata. Ukipampu unaongeza petroli juu ya petroli. Ikiwaka hivyo jua ilikuwa imefurika. Isipowaka fungua plagi moja uitazame. Ikiwa imelowa ni petroli nyingi, ikiwa kavu petroli haifiki kabisa, na hapo ni mambo mengine. Tizama kwanza, halafu ndio ushike spana. Halafu umefungua eyakilina (chujio la hewa) ukaiangalia? Ile ya Landi ina bakuli la oili, mtu akijaza oili kupita alama au tope likijaa, hewa haipiti, na gari isiyopata hewa inatoa moshi mweusi hata kama kabureta imetoka kiwandani jana.

#11 Mwana_wa_Ganda
Shikamoo babu. Nimefanya ulivyosema leo baada ya kurudi kutoka sokoni. Nimekanyaga mpaka chini, imezunguka kama sekunde kumi, ikakohoa, ikawaka na wingu la moshi mweusi. Nikaizima tena nikatoa plagi ya tatu. Imelowa na ni nyeusi tititi kama masizi ya koroboi. Nikaiegesha kwa bloku ya injini, ndugu yangu akapiga stata, cheche ipo lakini ni ya manjano, nyembamba. Eyakilina oili iko sawa, nimeosha ile nyavu hata hivyo ilikuwa na vumbi kiasi.

#12 Kondensa_Kwanza
Cheche ya manjano! Inatakiwa iwe buluu na ipige mlio. Sina la kuongeza.

#13 Fundi_wa_Maweni
Plagi imelowa na nyeusi! Sina la kuongeza mimi pia. Plagi iliyojaa masizi haiwezi kutoa cheche nzuri ndugu yangu, masizi yanapitisha umeme pembeni. Cheche hio ni matokeo, si chanzo. Asafishe plagi au aweke mpya halafu aangalie tena.

#14 Pijo_Damu
Hahaha mashahidi ni mmoja na kesi mbili zimeshinda. Enzi za Safari Rally hakuna aliyebishana hivi, 504 ilishinda 1976 na ikaenda nyumbani.

#15 Chumvi_Gongoni
@Pijo_Damu rekebisha hapo, 1976 ilikuwa Joginder Singh na Mitsubishi Lancer, ushindi wake wa tatu. 504 ni 1975 na Ove Andersson, halafu 1978 na Jean-Pierre Nicolas.

#16 Pijo_Damu
Nakubali, 1975. Lakini 404 nayo ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968, hizo nimehesabu sawa. Na 1966 na 1967 dereva alikuwa Bert Shankland wa Tanzania, watu wanamsahau. Mzee wangu alikuwa na 404 ya matatu, Malindi mpaka Mombasa kabla barabara haijawa hivi, abiria wamejazana mpaka kwenye buti, na kabureta alikuwa akiifungua mwenyewe stendi abiria wamekaa ndani wanangoja.

#17 Chumvi_Gongoni
Turudi kwa Landi. Mimi nafanyia kazi malori huku mashamba ya chumvi na kitu ninachokiona kila siku ni unga mweupe. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, maji yanajikusanya ndani ya tangi usiku, yanaenda chini ya bakuli la kabureta yanakaa pale, chuma cha kabureta kinaota unga mweupe kama chokaa. Ule unga na kutu ya tangi vinapanda kwenye kiti cha sindano (ile inayoziba petroli bakuli likijaa), sindano haifungi, petroli inapita mpaka bakuli linafurika. Fungua bakuli utuambie umeona nini. Na ukiwa hapo toa floti, lile boya linaloisukuma sindano, uitikise karibu na sikio. Ukisikia petroli ndani imetoboka. Ama itumbukize kwa maji ya moto uone kama inatoa mapovu, maji ya moto tu, sio jikoni.

#18 BintiSpea
Swali kaka @Mwana_wa_Ganda, pampu ya mafuta ni ile ya asili iliyo kwenye injini au umebadilisha?

#19 Mwana_wa_Ganda
Nimebadilisha dada. Ile ya asili ilikuwa inavuja, fundi akaniwekea ya umeme, mwaka jana mwezi wa kumi na moja hivi.

#20 BintiSpea
Na shida ilianza lini?

#21 Mwana_wa_Ganda
Krismasi hivi.

#22 Kaskazi_Moto
Krismasi ndio joto linapoanza, mnaona.

#23 BintiSpea
Krismasi ndio mwezi mmoja baada ya pampu. Pampu ya asili ya Landi inasukuma kidogo sana, psi 3 (kipimo cha shinikizo) haifiki. Hizi za umeme ziko za kila namna, kuna za magari ya injekta, yasiyo na kabureta, zinapiga psi 40 na zaidi, na kwa macho zinafanana tu. Hata zile za "kabureta" nyengine zinapiga 6 au 7. Sindano ya kabureta ni kitu kidogo inazuia kiasi chake, ukiisukuma zaidi inaachia, petroli inapanda juu ya kiwango chake muda wote gari inatembea. Iliandikwa nini kwenye kasha?

#24 Mwana_wa_Ganda
Haikuwa na kasha. Na kwa mwili wake hakuna maandishi yoyote, nimeangalia na tochi saa hii.

#25 Fundi_wa_Maweni
Hii sasa ni habari nzito na ilifaa iwe kwenye #1 😀. Lakini pampu haiwezi kufanya skrubu ya silensa isifanye kazi... au yaweza, bakuli likifurika petroli inamwagika kupitia kwenye mrija mkubwa hata silensa. Haya, nakubali yaweza. Bado nataka aweke kifuniko juu ya kioo.

#26 MwAmu
Salaam kutoka Amu (Lamu). Nawasoma tangu asubuhi. Zamani hapa mjini gari ilikuwa ya DC (mkuu wa wilaya) tu, sisi ni punda na mashua, lakini nna Landi imekaa Mokowe ya kwendea Hindi na Mpeketoni, Series III kama hio, na kabureta nimezijua kwanza kwa mashine za mashua. Nataka kuwaeleza kijana na wengine wasiojua hiki kitu kinafanya kazi vipi, maana mnataja jeti na sindano kama kila mtu amezaliwa nazo. Mnaujua mkondo wa Mkanda, ile ndia nyembamba baina ya Manda na bara? Mai yakifika pale penye ubana yanakwenda mbio. Hewa kwenye koo ya kabureta ni hivo hivo, pameminywa katikati, hewa inapita mbio, na hewa inayokwenda mbio shinikizo lake linashuka. Mtaliano Venturi aliliandika hilo tangu 1797. Pale penye shinikizo dogo pametobolewa mrija unaotoka kwenye bakuli la petroli, petroli inavutwa inatoka kama vumbi. Ni ile ile pampu ya zamani ya mkono ya kupulizia dawa ya mbu. Sasa bakuli likijaa kupita kiwango, petroli iko karibu mno na mdomo wa mrija, hata hewa kidogo inaitoa. Ndio maana floti na sindano ni roho ya kabureta, sio jeti.

#27 Babu_Marafa
Hii ya Mkanda imenifurahisha sana. Miaka yote nimefungua kabureta na sikuwahi kuambiwa kwa nini petroli inapanda.

#28 Mwana_wa_Ganda
Nimefungua leo Ijumaa baada ya swala, nimekaa barazani na sinia ya mama, nikatandika kanzu kuukuu nyeupe ili kisipotee kitu. Ripoti, kwa marefu:

Chini ya bakuli kuna unga mweupe kama alivyosema wa Gongoni, na chembe nyekundu za kutu kama kijiko cha chai. Floti haina petroli ndani, maji ya moto hayakutoa povu. Sindano ncha yake ina mkwaruzo wa duara, ukiushika kwa ukucha unausikia. Oringi ya bloku HAIPO, nimetafuta kila mahali, kuna alama tu ya mahali ilipokuwa. Kifuniko nimekiweka juu ya kioo cha dirisha, nikapitisha karatasi ya daftari chini yake, pembeni inakwama, katikati inapita kama barua chini ya mlango. Jeti kuu imeandikwa 125 lakini nikiitazama kwa jua tundu si duara, ni kama yai, na ndani kuna mistari. Nikakumbuka fundi wa kwanza alikuwa na waya wa spoku ya baiskeli mkononi.

#29 Fundi_wa_Maweni
Oringi haipo na kifuniko kimepinda. Ahsante.

#30 Chumvi_Gongoni
Sindano ina mkwaruzo na kutu imo. Ahsante pia.

#31 Pijo_Damu
Na mimi nasema waya! Jamani waya ndani ya jeti ni dhambi. Shaba ni laini, ukipitisha chuma mara mbili tu umelipanua. Kwa Weber na Solex jeti ya 125 ni tundu la milimita 1.25, sasa hebu fikiria tofauti ya 125 na 130 ni nusu ya sehemu ya kumi ya milimita, mtu na spoku ataona wapi hio? Mzee alikuwa anatumia unywele wa mkia wa punda na kupuliza kwa mdomo. Kweli kabisa, unywele wa punda.

#32 MwAmu
Nywele za punda zipo tele huku, njoo uchukue.

#33 Mwana_wa_Ganda
Mama anasema niloweke yote kwenye ukwaju usiku mmoja, vile anavyosafisha sinia za shaba.

#34 BintiSpea
Kaka USILOWEKE. Majeti ndio ya shaba, hayo ukwaju au ndimu dakika chache halafu suuza sana. Lakini mwili wa kabureta ni aina ya zinki, asidi inaula. Kuna mteja alilowekesha kwenye siki siku mbili, akaleta dukani kitu cha kijivu chenye vishimo kama jiwe la matumbawe, hakuna uso hata mmoja uliobaki sawa. Petroli safi, mswaki wa zamani, na hewa ya kompresa kwenye kila tundu, basi. Vua vitu vya mpira kabla hujapuliza, na funika macho, mimi iliwahi kunirukia.

#35 Kondensa_Kwanza
Mimi sijaondoka. Mtaitengeneza kabureta mpaka ing'ae na ile cheche ya manjano bado ipo.

#36 Mwana_wa_Ganda
Plagi mpya nne nimenunua leo, na kondensa ya zamani nimeipata kwenye mkebe wa misumari wa mzee, nairudisha. Nafanya yote.

#37 Babu_Marafa
Usifanye yote siku moja mwanangu. Ukibadilisha vitu vitano na ikapona hutajua ni kipi, na ikirudi baada ya mwezi utaanza upya. Anza na kimoja, endesha mpaka Kakoneni na kurudi, andika, halafu kengine.

#38 Mwana_wa_Ganda
Babu, petroli ya kwenda Kakoneni na kurudi mara tano inanishinda, kwa hali hii ya kunywa. Nitafanya kabureta yote kwanza, pampu baadaye.

#39 Juu_ya_Risasi
Mimi nasema petroli yenyewe. Tangu watoe risasi (ledi) kwenye petroli haya magari hayajawa sawa.

#40 Fundi_wa_Maweni
Risasi ilitoka huku kwetu 2006, yeye shida imeanza Krismasi. Na risasi ilikuwa inalinda viti vya valvu, haihusiani na kabureta. Ila umenikumbusha kitu cha maana, viti vikiliwa valvu inazama na nafasi ya tapeti (mwanya kati ya valvu na kinachoisukuma) inapungua mpaka valvu haifungi, gari inakuwa dhaifu na silensa mbovu vile vile. @Mwana_wa_Ganda ukiwa na muda pima tapeti, milimita 0.25 zote nane.

#41 Juu_ya_Risasi
Na mafuta ya taa je? Watu wanachanganya.

#42 Chumvi_Gongoni
Walikuwa wanachanganya sana, ndio maana serikali ikaongeza ushuru wa mafuta ya taa shilingi 18 kwa lita 2018 ili bei zikaribiane. Lakini kama ni petroli mbovu, pikipiki zote zinazojaza hapo zingelia. Muulize mtu wa boda anayejaza pampu ile ile.

#43 Pijo_Damu
Kwa nini asiweke Weber tu? Wako watu wamevua Zenith wakaweka Weber 34 ICH na wamesahau shida. Na hapa Malindi Wataliano wamejaa, Edoardo Weber mwenyewe alianza kiwanda chake Bologna 1923, huwezi kukosa wa kukuelewesha.

#44 Fundi_wa_Maweni
34 ICH ni rahisi na inaokoa petroli, hilo kweli. Lakini ina koo ndogo, Landi iliyobeba nazi ikipanda mlima wa mchanga itaisikia. Zenith iliyokaa sawa ina nguvu zaidi. Na nyingi zinazouzwa ni kopi, si Weber.

#45 BintiSpea
Kweli, kopi ni nyingi. Kuna ambazo kipepeo hakifungi tangu siku ya kwanza.

#46 Mwana_wa_Ganda
Mzee hataki kusikia Weber. Amesema, namnukuu, "hio kabureta imenipeleka hospitali na mamako usiku unazaliwa, haiendi kokote." Kwa hivyo nasugua.

#47 Mwana_wa_Ganda
Nimesugua. Msasa wa maji namba 400 juu ya kioo, halafu 600, maji na tone la sabuni, nikichora nane kwa nane, sikukandamiza. Nilipaka wino wa kalamu juu ya uso wote, mara ya kwanza wino ulitoka pembeni tu katikati ukabaki duara la buluu, saa moja na nusu mpaka ukaondoka wote. Mikono imekufa. Karatasi sasa haipiti popote. Oringi mpya, sindano na kiti chake vipya, jeti kuu mpya kutoka kwa dada wa spea (ahsante sana). Skrubu nimekaza kwa vidole viwili kwa zamu, mkato wa msalaba. Skrubu ya mchanganyiko nimeifunga taratibu mpaka ikagusa halafu nimerudisha raundi moja na nusu. Plagi mpya, kondensa ya zamani.

Imewaka. Na skrubu inafanya kazi! Nikiifunga injini inazama, nikiifungua inakaa. Nilikaribia kulia.

#48 Fundi_wa_Maweni
Mashallah. Kifuniko.

#49 Kondensa_Kwanza
Kondensa ya zamani, mmesoma lakini?

#50 Kaskazi_Moto
Ishapata moto? Nenda mjini uizime ungoje dakika kumi.

#51 Mwana_wa_Ganda
Nimeenda. Njiani tamu, moshi umepungua sana ingawa haujaisha. Nimeizima sokoni dakika kumi na tano saa saba mchana. Haikuwaka. Nikakanyaga mpaka chini, ikawaka mara ya pili. Nikafungua boneti nikasikia bakuli linachemka, wallahi nimelisikia, kama sufuria ya chai.

#52 Kaskazi_Moto
Nilisema #7.

#53 BintiSpea
Na pampu bado inasukuma. Ukizima switchi pampu inazima?

#54 Mwana_wa_Ganda
Eeh inazima na switchi.

#55 Pijo_Damu
Jaribu bila pampu, ning'iniza chupa ya petroli juu ya boneti na mpira, iteremke yenyewe. Mafundi wa zamani walikuwa wanafanya hivyo. Ikipona ni pampu.

#56 Chumvi_Gongoni
Nakuomba usifanye hivyo injini ikiwa moto. Hapa kazini kijana alifanya jambo hilo hilo, mpira ukachomoka, petroli ikamwagikia ekzosi, aliungua kuanzia kiwiko mpaka vidoleni na mpaka leo mkono haukunjuki sawa. Kama ni lazima, tangi dogo la chuma lililofungwa kwa waya, mpira wenye klipu pande zote mbili, injini baridi, mtu amesimama na ndoo ya mchanga. Bora zaidi tafuta geji ya kupima psi, ama urudishe pampu ya asili yenye kiwambo kipya. Na nusa dipstiki, kama oili inanuka petroli ibadilishe kabla hujaenda mbali, petroli inaondoa utelezi wa oili na beringi zinakwenda.

#57 Mwana_wa_Ganda
Dipstiki inanuka petroli. Oili namwaga kesho.

#58 Babu_Marafa
Vizuri. Na kati ya kabureta na manifoldi kipo kile kipande cha fiba, kinene kama kidole? Kile ndio kinazuia joto lisipande.

#59 Mwana_wa_Ganda
Babu kuna gasketi ya karatasi tu, moja, nyembamba.

#60 Kaskazi_Moto
😀😀 Allahu akbar.

#61 Fundi_wa_Maweni
Basi kuna mtu amekitupa kipande cha fiba na kuna mtu mwengine ametupa oringi, katika gari moja. Dada wa spea, fiba unayo?

#62 BintiSpea
Ya Landi sina, naagiza Mombasa, siku tatu au nne. Kiwambo cha pampu ya asili ninacho, kimoja. Nimekuwekea kaka.

#63 MwAmu
Na ukiiacha gari wiki nzima bila kuwasha, funga petroli uiache injini imalize ile iliyomo kwenye bakuli mpaka izime yenyewe. Mashine zetu za mashua tusipofanya hivo kusi nzima, petroli inakauka inakuwa kama gundi ya ubani ndani ya jeti.

#64 Mwana_wa_Ganda
Ahsanteni wote. Oili nimebadilisha, kiwambo nakichukua Jumatatu, fiba nangoja. Tapeti nimepima, mbili zilikuwa zimebana, nimerekebisha. Leo nimeenda mjini tena na nazi mia mbili, nimepaki kwenye kivuli cha mwarobaini boneti wazi, nikaenda kuswali alasiri, nikarudi. Imewaka mara moja, bila kukanyaga.

#65 Kaskazi_Moto
Kivuli.

#66 Fundi_wa_Maweni
Tapeti.

#67 Kondensa_Kwanza
Moshi je? Na cheche umeiangalia ni rangi gani sasa?

#68 Mwana_wa_Ganda
Buluu. Moshi upo kidogo, ukikanyaga ghafla. Nitaleta habari nikirudisha pampu.